Matairi Chini ya Kitanda cha Mama

Vijana wa ukoo wetu wakitaka kununua gari hunijia mimi, bibi kizee ambaye leseni sikuwahi kuishika. Nawaambia machache ninayoyajua. Usinunue gari siku ya mvua, maji huficha mikwaruzo. Nenda asubuhi mapema, uliguse boneti kabla muuzaji hajaliwasha. Ukikuta lina joto, ujue limeshabembelezwa kabla hujafika. Inua zulia la sakafuni utazame kutu. Muulize mwenye nalo kwa nini analiuza, na wakati anajibu wewe mtazame mkewe. Hapo hucheka. Kisha nawauliza swali ambalo hawalipendi: mnataka kwenda wapi nalo, na mnaondoka lini?

Wanadhani nawatania. Swali hilo nimelipata kwa uchungu, na nitaeleza lilivyonipata.

Tulikaa Kariakoo, si mbali na Msimbazi, katika nyumba ya kupanga yenye ukumbi mrefu katikati na ua nyuma. Mume wangu alikuwa mtunza stoo wa vipuri katika shirika moja la umma. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa ambayo ukisikia sabuni imeingia dukani unaacha chungu motoni unakimbia foleni. Katika miaka hiyo mtu anayeshika funguo za stoo alikuwa mkubwa, na wengi walijenga kwa funguo hizo. Mume wangu hakujenga. Msumari haukutoka kwake bila karatasi yenye saini. Wenzake walimtania kuwa ukitaka kumwona analia, mwombe boliti mbili. Nami nilikasirika naye mara nyingi kwa ugumu huo, lakini nililala usingizi mzuri, kwa sababu sikuwahi kuogopa hodi ya polisi.

Chumba cha pili tulichopanga alilala mama yake. Aliletwa kutoka kusini, ng'ambo ya mto Rufiji, baada ya kupigwa na kiharusi. Hospitali ilimrudishia kauli, ila mkono na mguu wa kulia viligoma. Muuguzi alinifundisha kumnyoosha mguu ule kila asubuhi, nikawa naukunja na kuukunjua huku yeye akinisimulia habari za kwao. Habari zote ziliishia kwa mtu mmoja, mdogo wake wa kike. Walikuwa wamebaki wawili tu katika tumbo lao, na huyo mdogo alimlea yeye mwenyewe, mgongoni, mama yao alipofariki.

"Mkwe wangu," alikuwa akiniambia, "sitaki kupona. Nataka nimshike yule mtoto mkono, halafu Mungu afanye atakalo."

Mtoto mwenyewe alikuwa na wajukuu.

Basi lilikuwepo, ndiyo. Lakini basi la kusini mtu mzima mwenye miguu yake alishuka akiwa hoi, seuze mama ambaye kukaa wima kwa muda mrefu kulimshinda. Alihitaji kulala njia nzima. Ndipo mume wangu alipouza mikorosho aliyorithi, akatafuta gari.

Alilipata kwa mwenye duka la vitambaa wa mtaani kwetu, Mhindi aliyezaliwa Kariakoo kama watoto wangu, ambaye familia yake ilikuwa inahama nchi. Lilikuwa Pijo lenye mgongo mrefu, kiti cha nyuma kinalazwa mtu ananyooka. Mume wangu alilikagua kwa siku kadhaa. Aliingia chini yake, akanusa oili, akapiga bodi kwa kidole kila mahali asikilize kama kuna palipojazwa gundi. Mimi nilimtazama mke wa mwenye duka. Alikuwa amesimama mlangoni analia, na nikajua gari ni zima.

Siku ya kulichukua, mwenye duka alikuja nalo mwenyewe hadi kwetu, akamsalimu mama kitandani, akamkabidhi mume wangu ufunguo mbele yake.

"Bwana, hili gari halina makuu," alisema. "Oili badilisha, maji tazama kila asubuhi. Ila usiliache likasimama. Hata kama huna pa kwenda, zunguka nalo mpaka bonde la Jangwani urudi. Gari ni mguu. Usipotembea unakauka."

Mama akaupiga mguu wake kwa mkono mzima, akasema, "Mimi hapa ni shahidi."

Tulicheka sote. Mume wangu naye alicheka.

Jumapili iliyofuata tulimtandikia mama godoro la sufi nyuma, tukampeleka Kivukoni. Tangu aletwe Dar es Salaam alikuwa hajaona kitu ila dari la hospitali na dari letu. Tulifungua mlango wa nyuma ukaelekea baharini, akatazama pantoni la Kigamboni likienda na kurudi, akala samaki wa kukaanga hadi vidole vikang'aa mafuta. "Kumbe mji huu una mbele yake," alisema. Ilibidi tuwahi kurudi, kwa sababu Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani, serikali inabana petroli. Njiani alikuwa akiimba. Sikuwahi kumsikia akiimba kabla ya siku ile.

Wageni wa kusini hawakukatika Kariakoo. Walileta korosho na salamu, wakarudi na salamu na sukari, kama sukari ilikuwepo. Wiki ile ile alipita mmoja na ujumbe kutoka kwa mdogo wake mama: korosho zikishauzwa nitadandia lori nije kumwona dada. Wakati huo yule mdogo alikuwa amehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kando ya barabara kuu, malori yanapita mlangoni.

Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo uliobaki na nguvu. "Mwambie atulie palepale. Atavunjikavunjika bure juu ya magunia. Mimi ndiye ninayekuja, mwanangu ana gari. Nitalala njia nzima kama bibi harusi."

Msafiri akaondoka na jibu hilo.

Tulipanga kwenda kiangazi, barabara ikikauka. Na tungekwenda, kama mume wangu asingekuwa mtunza stoo. Alikaa nalo gari lile akaanza kuliwazia safari kama alivyowaza mambo ya kazini: hakitoki kitu mpaka vyote vimetimia. Njia ya kusini haikuwa na uhakika wa petroli, kwa hiyo petroli yote ya kwenda itoke huku. Ilipatikana kidogo kidogo, akaiweka katika madebe kwenye kibanda cha uani, nami nikahamisha jiko langu la mkaa hadi karibu na choo. Mkanda wa feni wa akiba haukuwepo madukani. Mpira wa maji wa rejeta haukuwepo. Tairi la akiba, hilo usiulize. Tairi jipya mjini lilitafutwa kuliko bwana harusi.

"Kwani matairi haya yana nini?" nilimuuliza.

"Hayana kitu. Ndiyo maana sitaki yaishe."

Akaacha kuzunguka nalo Jangwani. Kila mzunguko, alisema, unakula raba na petroli ya mama. Mwisho akalipandisha gari juu ya mawe pembeni ya nyumba, akalijengea paa la makuti, akayavua matairi. Wezi wa matairi walikuwepo, si uongo. Akayaosha, akayafuta kwa kitambaa, akayaingiza chini ya kitanda cha mama, mahali ambapo mwizi asingefika bila kumkanyaga. Betri nayo ikakaa kwenye kona ya chumba, juu ya ubao.

Tangu hapo kila asubuhi nikishamaliza kumnyoosha mguu, mama aliuning'iniza mkono wake mzima pembeni ya kitanda, akalipapasa tairi lililo karibu, akaligonga kwa ngumi. "Yapo," alikuwa akisema, kisha anaomba uji.

Kiangazi cha kwanza kikapita, mkanda wa feni haujapatikana. Cha pili mkanda ulikuwepo, mpira wa maji hakuna. Kilichofuata mpira ulipatikana, pantoni la Rufiji likaharibika, na lilipotengenezwa likizo yake ilikuwa imekwisha. Kila mgeni wa kusini alipopita, mama alituma neno lile lile: mwambieni nakuja, gari lipo, bado vitu vidogo.

Tuligombana. Nilimwambia gari si korosho, haliwekwi ghalani likingoja bei. Nilimkumbusha maneno ya mwenye duka. Alinisikiliza, kwa sababu hakuwa mtu wa kufoka, halafu akanijibu polepole. "Tukiharibikiwa msituni kabla ya Rufiji, mama hawezi hata kujigeuza. Nani atamkinga jua? Maji ya kumsafisha tutayatoa wapi? Wewe unaona gari. Mimi namwona mama yangu amelala porini."

Yalikuwa maneno ya akili, ndiyo maana yalinishinda. Mpumbavu utambishia ukamshinda. Mwenye hofu na hoja utamwambia nini?

Na jambo lingine lilinifunga mdomo. Katika stoo aliyoishikia funguo kulikuwa na mipira ya maji, mikanda, hata matairi ya ukubwa ule ule, yamepangwa hadi darini, mengine yakingoja magari ambayo nayo yalikuwa yamelala uwanjani yakingoja betri. Angechukua kimoja, nani angejua? Angejua yeye. Alikuwa akitoka kazini ameshinda katikati ya vitu tulivyovitafuta, anakuja na mikono mitupu, anakaa kizingitini anavua viatu. Nilimhurumia, nikamheshimu, na siku nyingine nilitamani angekuwa mwizi.

Hatimaye vyote vikatimia. Mgeni alikuja na habari kwamba yule mdogo mtu anakohoa na amekonda, na wakati huo huo tairi la akiba likapatikana kwa mtu wa mtaa wa Gerezani. Mume wangu akaomba ruhusa kazini. Aliyatoa matairi chini ya kitanda yakiwa meusi yanang'aa, mama akayatazama yanavyoviringishwa kupita mlangoni kama mtu anayetazama watoto wake wakienda shule.

Gari halikuwaka.

Fundi aliyeletwa alishinda chini yake. Breki zilikuwa zimeshikana. Panya walikuwa wametafuna nyaya. Mpira wa maji ule tuliousubiri kiangazi kizima ulikuwa umekaa kabatini hadi ukawa mgumu, alipoukunja ukapasuka. Alinusa madebe ya petroli akageuza uso, maana ile ya zamani ilikuwa imechacha inanuka rangi. Alifungua, akasafisha, akaunganisha kwa vipande vya huku na huku.

"Mzee, gari lako halikuchoka kwa safari," alisema akijifuta mikono. "Limechoka kwa kukaa." Kisha akaliminya tairi kwa kidole gumba, akatuonyesha nyufa nyembamba ubavuni. "Na haya nayo. Raba inataka kuzunguka."

"Matairi hayo hayajafika hata Chalinze," mume wangu alisema.

"Ndivyo ninavyosema, mzee."

Tukaondoka hivyo hivyo, kwa sababu hapakuwa na mengine. Ilikuwa alfajiri. Nilimwogesha mama, nikamvalisha khanga mpya, doti niliyoipata kwa foleni ya kutwa nzima. Wapangaji wote walitoka, wanaume wakambeba wakamlaza nyuma, mtu akasoma dua. Mama aliwapungia kwa mkono wake mzima hadi tukakata kona.

Tairi la kwanza lilipasuka tulipokuwa tumepita Mbagala kidogo. Mume wangu alishuka, akafunga la akiba. Hatukwenda mbali, la pili likapasuka, na sasa hapakuwa na la kufunga. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilifungua mlango wa nyuma nikakaa karibu na mama, nikimpepea kwa upindo wa khanga yangu.

"Ndiyo Rufiji hii?" akauliza.

"Bado, mama."

"Bado sana?"

Nilimtazama mume wangu anijibie. Alikuwa ameinama juu ya tairi, ameshika spana, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Akainuka, akaenda nyuma ya kichaka. Mama akanitazama mimi, akayafumba macho. Hakuuliza tena. Mchana lori la mkaa likatufunga kamba, likaturudisha Kariakoo, na wale waliotuaga asubuhi wakatupokea bila kuuliza kitu. Jambo hilo liliniuma kuliko kama wangeuliza.

Kwa mazoea tu, mume wangu aliyachukua matairi matatu yaliyobaki akataka kuyarudisha mahali pake.

"Usiyaweke humu, mwanangu," mama alisema. "Yananuka."

Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayeomba dirisha lifunguliwe. Lakini kuanzia asubuhi iliyofuata nilipomnyoosha mguu, mkono wake ulibaki kifuani. Habari za kwao hakunisimulia tena. Nilimsimulia mimi, zile zile alizonisimulia, ananisikiliza kwa adabu.

Alifariki masika, Jangwani maji yamejaa na barabara ya kusini imefungwa. Tulimzika siku ile ile, wanaume wakimbeba mabegani katika matope, wakipokezana. Mume wangu hakukubali kupokewa. Jioni alikwenda kutoa tangazo la kifo redioni, na sisi tukakaa kulisikiliza: jina lake, mtaa wetu, habari ziwafikie ndugu waliopo kusini. Tulijua kijijini kwa mama mdogo kulikuwa na mtu mwenye redio.

Barabara ilipokauka, asubuhi moja mpangaji mwenzangu aliniita kuwa nina mgeni. Mlangoni alisimama bibi mwembamba, vumbi hadi kwenye nyusi, amebeba mkeka umekunjwa begani. Sikuhitaji kuambiwa, mdomo ulikuwa ule ule, ila wake ulikuwa mzima pande zote mbili.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na lori la korosho. Nionyesheni alipolala dada."

Mume wangu alimpeleka makaburini kwa miguu. Waliporudi alikunywa maji, akaswali, akatoka nje. Akaliona gari pembeni ya nyumba, chini ya makuti, juu ya mawe yake.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mama," mume wangu alisema.

Alilizunguka taratibu, akipitisha kiganja kwenye bodi, akachungulia vioo. Akaomba afunguliwe nyuma. Akaukunjua ule mkeka, mkeka wa ukindu wenye rangi nzuri sana, akautandika juu ya godoro la sufi lililokuwa bado humo. Ulienea sawasawa.

"Niliusuka kwa ajili ya humu," alisema. "Nilisikia atalala njia nzima, nikasema wakati wa kurudi asilalie joto la godoro."

Akakaa kwenye ukingo wa gari, miguu inaning'inia, akiulainisha mkeka kwa mkono.

"Malori yanapita mlangoni kwangu," akaendelea. "Kila kiangazi madereva wananiambia, bibi, panda twende, Dar es Salaam si mbali, kesho kutwa unamwona dada yako. Nauli hawaitaki. Nikawa nakataa. Nawaambia dada yangu yuko njiani na gari la mwanawe. Nikipanda, nisije nikapishana naye."

Mume wangu alikuwa ameshika ule ufunguo. Akapiga magoti mavumbini mbele ya mama yake mdogo, kichwa akakilaza kwenye mapaja yake, akalia kwa sauti, mtu mzima, wapangaji wote wakisikia. Yule bibi hakumnyamazisha. Alimshika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akaendelea kuulainisha mkeka.